Nilivyolirudishia Gari Kinyumenyume

Gari lenyewe nililinunua Qurayyat, mji wa pwani ya Oman, kwa mzee mmoja aliyekuwa akilitumia kufugia kuku. Lilikuwa na magurudumu matatu. La nne nililikuta ndani ya buti, limefunikwa makuti. Lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, injini ya silinda nane, na boneti ndefu kama meza ya kulia watu kumi. Yule mzee aliniuliza mara mbili kama nina hakika ninalitaka. Mara ya pili aliniuliza kwa huruma.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimeoa, kitambi kimeanza kunitangulia kila ninakokwenda, na nilikuwa afisa mipango katika wizara moja hapa Muscat. Nilikuwa napanga namna wengine watakavyofanya kazi. Sijawahi kuifanya hiyo kazi yenyewe, na jambo hilo halikunisumbua hata kidogo.

Kwa nini nililitaka gari lile? Nilizaliwa Tabora, nikaletwa Oman nikiwa na miaka tisa, Kiarabu changu kikiwa cha kuombea maji tu. Kila nikifungua mdomo, watoto wa mtaani walianguka kwa kicheko. Siku moja tumesimama barabarani kule Ruwi, wananiigiza ninavyosema, likapita gari la namna ile. Mngurumo wake ulinigonga kifuani, na wale watoto wote wakanyamaza wakaliangalia mpaka likapotea. Nikaona nami nikiwa mkubwa nitafute kitu cha kuzungumza kwa niaba yangu. Miaka ishirini na mitano baadaye, Kiarabu nakijua na hakuna anayenicheka, nikalinunua hivyo hivyo.

Kulifungua kulikuwa raha. Siku zetu za mapumziko wakati ule zilikuwa Alhamisi na Ijumaa, na kila wiki siku hizo mbili nilijifunga kikoi, nikaingia kwenye banda la gari nyuma ya nyumba na spana zangu mpya, nikafungua kila nati iliyokubali kufunguka. Kila kitu nilikibandikia karatasi: cha kushoto, cha kulia, cha nyuma. Nilijiona mtu makini sana. Miezi michache baadaye nilikuta mfuko wenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono wangu, "cha juu, siyo kile kingine." Mpaka leo sijui kile kingine kilikuwa kipi.

Na hiyo ilikuwa karatasi iliyobahatika kubaki. Joto la mwezi wa sita liliyeyusha gundi, karatasi zikadondoka sakafuni, na mke wangu, ambaye ni mwalimu na hapendi uchafu, akazifagia.

"Nilidhani taka," akasema.

"Zilikuwa kumbukumbu!"

"Basi ungeziweka mahali pa kumbukumbu."

Bodi tupu niliipeleka gereji moja ya Wadi Kabir kupigwa rangi. Aliyeipiga rangi alikuwa fundi wa Kikenya, mtu wa Nakuru, mrefu, mpole, wa maneno machache. Kazi yake ilichukua miezi, na katika miezi hiyo mimi nilifanya kazi niliyoiona kubwa zaidi: niliandika mpango wa kulirudishia gari vipande vyake. Kanuni yangu ilikuwa moja, na niliona ni ya kitaalamu. Kilichotoka mwisho kiingie kwanza, na kilichotoka kwanza kiingie mwisho. Niliuandika kwa kompyuta, mistari mia na kumi na minne, kila sehemu ya gari na rangi yake. Mwenzangu wa idara ya ramani akanichapia kwenye karatasi kubwa kama shuka. Nikaitundika bandani.

Watu walikuja kuutazama mpango ule. Nasema kweli, jamaa na majirani walikuja wakanywa kahawa mbele ya karatasi, nami nikawaonesha kwa kijiti. Gari lenyewe halikuwepo, lakini hakuna aliyeliulizia.

Siku bodi ilipoletwa juu ya lori, imepigwa rangi ya samawati iliyong'aa mpaka ukaona meno yako ndani yake, yule fundi alikuja nayo. Akausoma mpango wote, mstari kwa mstari, kwa kidole. Mimi nikasubiri sifa.

"Ni kazi safi, bosi," akasema. "Hata rangi umeweka." Kidole chake kikarudi juu kikasimama. "Lakini hapa umeandika kioo cha mbele kabla ya kitambaa cha dari."

"Ndiyo. Wakati wa kufungua, kitambaa cha dari kilitoka kabla ya kioo. Kwa hivyo kinarudi baada yake."

"Kilitoka, ama ulikirarua?"

Kweli nilikirarua. Kilikuwa kimeoza, kimejaa manyoya ya kuku, na nilikivuta vipande vipande siku ya kwanza kabla sijagusa kitu kingine. Lakini sikuona haja ya kumwambia.

"Kilitoka," nikasema.

"Kingo za hicho kitambaa zinaingia chini ya raba ya kioo, bosi. Kioo kikishakaa, utazipitisha wapi?"

Nikampa jibu tunalowapa watu wizarani tusipotaka kuwaona tena: "Nakushukuru sana, fundi. Nitakuita nikikuhitaji." Akaitikia kwa kichwa, akapanda lori, akaenda zake. Mama yangu, aliyekuwa anaanika nguo karibu, alisikia yote.

"Yule kijana kakwambia kitu cha maana," akasema.

"Mama, haya ni mambo ya ufundi."

"Nami nimeshona nguo za watu miaka arubaini. Hujanambia kama cherehani si ufundi."

Basi nikaanza. Na ubaya wa mpango mbovu ni kwamba mwanzoni unakwenda vizuri. Injini iliingia ikaacha mkwaruzo mmoja tu kwenye rangi mpya, nikaufunika kwa kitambaa ili nisiuone. Madigadi yakaingia, dashibodi ikaingia, kioo cha mbele kikaingia. Kila mstari ulioisha niliupiga alama kwa kalamu nyekundu, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama ile alama. Nilikuwa naitazama alama kuliko nilivyotazama gari.

Ulipita mwaka na ushei. Nikafika mstari wa tisini: milango.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa tano, nimerudi msikitini, tumekula, nyumba nzima imelala. Milango yote miwili ilikuwa imeshakaa kwenye bawaba zake, vioo vyake vimepandishwa mpaka juu. Wa kushoto nilikuwa nimeshaufunga ukakaa sawasawa. Nikataka kuona kwa ndani kama wa kulia nao unaacha mwanga unapita pembeni. Nikaingia na ndoo, nikaipindua nikaikalia, kwa sababu viti vilikuwa bado. Nikauvuta mlango. Raba zilikuwa mpya, ikabidi niuvute kwa nguvu. Ukalia *ta!*, mlio mzuri kabisa, wa mlango uliofungwa na mtu anayejua. Hapakupita mwanga hata wa kuingiza uzi. Nikafurahi.

Kisha nikapeleka mkono kuufungua.

Vishikio vya milango vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza nilivyovifungua siku ile ya kwanza. Kwa kanuni yangu, vilikuwa virudi mwishoni mwishoni. Kwa ndani palikuwa na tundu, na kwa nje palikuwa na tundu. Nikatafuta mkono wa kuteremshia kioo. Nao ulitoka mapema, kwa hiyo nao ulikuwa mwishoni. Vyote hivyo vilikuwa rafuni, nikiviona kupitia kioo, vimepangwa kwa ukubwa.

Sikuogopa mara moja. Kwanza nilikasirika, kama mtu aliyecheleweshwa na ofisi nyingine. Halafu jasho likaanza. Mtu asiyeijua Muscat ya mwezi wa tano hawezi kujua gari lililofungwa linavyokuwa saa nane mchana, hata likiwa bandani. Nikabonyeza honi. Nikaibonyeza mara tatu nne kabla ya kukumbuka kwamba gari halina betri. Nikagonga kioo kwa ngumi, lakini kwa adabu, maana vioo vile niliviagiza mbali, na vilikaa njiani miezi saba. Nafsi yangu ilikuwa imo hatarini na bado nilikuwa nakionea kioo huruma.

Nikageuka nyuma. Viti havikuwemo, na kati ya chumba cha abiria na buti palikuwa na uwazi, umepitiwa na vyuma viwili. Buti lilikuwa bado halina mfuniko. Nikaona mwanga, nikaona ukuta wa nyumba yangu, nikaona kamba ya nguo. Nikajilaza, nikapitisha kichwa, nikapitisha mkono mmoja, nikapitisha bega. Kifua kikapita kwa taabu. Kitambi kikakataa. Nikajaribu kurudi, nako kikakataa.

Angalau sasa nilikuwa napata hewa. Nikaanza kuita. Aliyetoka ni mama, maana mama halali mchana. Akaja mpaka nyuma ya gari, akaniangalia. Kichwa changu kilikuwa ndani ya buti, kimelala kwenye bati, kinamtazama.

"Umo humo?"

"Nimo, mama."

"Unafanya nini?"

"Nimekwama."

Akazunguka gari lote polepole, akajaribu mlango wa kulia, akaona tundu. Akajaribu wa kushoto, akaona tundu. Akarudi.

"Mlango huu unafunguliwa wapi?"

"Mama, vishikio bado. Viko mstari wa mia na moja."

Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji, akaninywesha kama anavyonyweshwa mgonjwa, kisha akaingia tena. Aliporudi mara ya pili alikuwa na mchi wa kinu begani, na mke wangu nyuma yake amejitanda kanga kwa haraka.

"Nnavunja kioo," akasema mama.

"Mama, nakuomba! Kioo hakipatikani!"

"Na wewe unapatikana wapi?"

"Subiri kidogo tu. Mpigieni simu yule fundi. Namba yake ipo nyuma ya risiti ya rangi."

Mke wangu akanitazama. "Yule uliyesema utamwita ukimhitaji?"

"Namhitaji," nikasema. Nimewahi kusema maneno magumu zaidi ya hayo, lakini si nikiwa nimelala kifudifudi ndani ya buti.

Wakristo wa huku husali kanisani Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, na fundi alikuwa anatoka huko. Alifika kwa teksi, amevaa suti ya kijivu na tai. Nusu saa ile ya kumsubiri mama alisimama na mchi wake, ananipepea kwa upande wa kanga, na kila baada ya muda ananiuliza kama bado nina akili zangu. Fundi akaja nyuma ya gari, akainama mpaka macho yetu yakakutana. Hakucheka. Ningemshukuru kama angecheka.

"Umeniita, bosi," akasema.

"Nimekuita, fundi."

Akaenda kwenye mlango wa kulia, akatoa kalamu mfukoni mwa koti, akaipitisha kwenye tundu la kishikio, akasukuma kitu ndani. *Ta.* Mlango ukafunguka. Kazi yote haikuchukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Angeweza kuifanya mama, angeweza kuifanya mke wangu, ningeweza kuwaelekeza mimi mwenyewe kama ningejua komeo la gari langu linavyofanya kazi.

Ila mimi nilikuwa bado nimekwama. Fundi akavua koti, akalikunja vizuri, akampa mke wangu amshikie, akaingia ndani akanishika miguu. Mama akanisukuma kichwa kutoka upande wa buti. "Toa pumzi, bosi," fundi akasema. "Yote, bosi." Nikatoa. Nikatoka nyumanyuma, kikoi kikabaki kwenye chuma, nami namshukuru Mungu kwamba ndani nilivaa suruali fupi. Hapo ndipo mama alipokaa juu ya tairi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mke wangu akaegemea ukuta na lile koti mikononi, anacheka bila sauti.

Fundi alikuwa anausoma mpango. "Vishikio ni mia na moja," akasema. "Na sasa uko tisini. Kwa hii ratiba ungekaa humo mistari kumi na moja."

Siku ile ile, tukinywa chai, nilimwomba radhi. Nilimwambia mbele ya mama na mke wangu kwamba alinieleza kweli nami nikamfukuza kwa maneno matamu. Alikoroga chai yake akasema, "Si kunifukuza, bosi. Uliniambia utaniita." Sikujua kama ananidhihaki au ananistahi, na heshima yake ilikuwa hivyo siku zote.

Tangu hapo akawa anakuja kila Ijumaa baada ya kanisa, anakula nasi, anabadilisha suti yake kwa nguo za kazi, tunaanza. Jambo la kwanza ilikuwa kufungua tena. Kioo cha mbele kikatoka. Dashibodi ikatoka, maana alipoiinamia aliuliza mota ya waipa iko wapi, nami nikaikuta nyuma ya kabati. Madigadi la kulia likatoka, maana aliuliza sanduku la kiyoyozi liko wapi, nami nikakumbuka kwamba mama alikuwa amepanda mnanaa ndani yake.

"Ulitaka kuendesha gari Muscat bila AC?" fundi akauliza.

"Halikuwa na karatasi yake," nikasema. "Ilifagiwa."

Namna yake ya kupanga haikuwa na kanuni ya kutundika ukutani. Alishika kitu mkononi, akaniuliza, "Hii nikifunga sasa, ni gani mkono hautaifikia kesho?" Basi tukawa tunaanza na vile visivyofikika: nyaya, mabomba, sanduku la kiyoyozi, waipa, kitambaa cha dari. Na neno lake la pili lilikuwa, "Usikaze bado." Kila bolti tuliiingiza kwa vidole tu, ikaning'inia, mpaka boneti, madigadi na milango vilipokubaliana. Kwangu mimi hayo yalikuwa mateso. Napenda kitu kikazwe, kipigwe alama, kiishe. Mara mbili alinikuta nimekaza kwa siri, akalegeza. Kazi yangu ikawa kuandika. Yeye anasema, mimi naandika, kwa kalamu ya risasi, na mpango wangu wa rangi tuliutandika chini kuzuia grisi.

Kitambaa cha dari alikishona mama. Hatukumwomba. Alitusikia tunabishana vipimo, akaja na futi yake shingoni, akaamuru tumtandikie mkeka ndani ya gari, akalala chali akapima mwenyewe. Alishona mikunjo mitano ya kupitishia vile vyuma vyembamba vinavyoshikilia dari, na alipomaliza alikuja kusimamia wakati wa kuvuta. "Kwako kumelegea," akamwambia fundi. "Huku nako, mwanangu, umevuta kama unakamua ng'ombe." Alimpenda fundi, ingawa Kiswahili chake kilimtia uchungu. "Maneno yako umeyakatakata," alimwambia siku moja, "lakini mikono yako, mashaallah." Fundi akacheka, akamjibu, "Mama, nitaongea Kiswahili chako nikirudi Nakuru, wataniona mimi ni mtu wa pwani."

Tulilimaliza mwaka elfu mbili na mbili. Lilipowaka mara ya kwanza lilitoa moshi wa kijivu ukafunika nguo za jirani, halafu likakaa kwenye mngurumo ule ule wa Ruwi. Fundi akanipa mkono. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Safari ya kwanza tulikwenda wanne, Ijumaa alasiri, kuelekea Maskati yenyewe, ule mji mkongwe, kupitia barabara ya ufukweni ya Mutrah. Mama alikaa mbele amevaa vazi lake la Idi. Mke wangu na fundi walijipenyeza nyuma. Kiyoyozi kilitoa baridi, dari haikuwa na kunyanzi hata moja, na watalii waliokuwa wakitembea pale walisimama kutupiga picha. Niliendesha polepole, mkono nje ya dirisha, kama mtu ambaye hajawahi kukwama popote.

Tulipoanza kuupanda mlima kabla ya kuingia Maskati, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Fundi akainama kutoka nyuma akatazama kipimo cha mafuta. Sindano ilikuwa imesimama katikati, imetulia kabisa.

"Bosi," akasema, "waya wa geji uliunga wewe ama mimi?"

"Mimi," nikasema.

"Ulijaza petroli lini?"

Nilikuwa nimelijaza lita chache tu siku ya kuliwasha, na tangu hapo nilikuwa naiamini sindano.

Tukateremka kusukuma, mimi na fundi, yeye na suti yake ya kanisani, mke wangu akashika usukani. Magari yalipunguza mwendo kutupita. Mzee mmoja aliyevaa kilemba cha zambarau akasimamisha gari lake ubavuni mwetu, akamsalimia mama kwa Kiarabu, akamuuliza kama tunahitaji msaada. Mama alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, dirisha limeteremshwa.

"Alhamdulillah, hatuna shida," akamjibu, nami nikiwa nyuma, shavu limegusa buti, namsikia vizuri. "Gari hili kalitengeneza mwanangu mwenyewe."